Jinsi ya kuchagua vichaka vya guayule vyenye mpira mwingi (usiruke asetoni!)

Juzi chalii mmoja wa chuo hapa Arusha kanipigia usiku, furaha tupu, eti vichaka vyake vya guayule vya mwaka mmoja vina mpira 17%. Nikamwambia dogo tulia, usimpelekee msimamizi wako hiyo namba. Mi mwenyewe niliwahi kuangukia shimo hilohilo, ndo maana naandika.

Kwa asiyeijua, guayule ni kichaka cha jangwa la Chihuahua, kaskazini mwa Mexico mpaka Texas. Huwezi kuigema kama mipira ya kule Muheza maana mpira wake umejifungia ndani ya seli za gome na za mti, lazima ukate na kusaga.

1. Kibali. Omba TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania) kabla mbegu hazijasafirishwa. Na ujieleze vizuri, maana guayule na gugu karoti ni ukoo mmoja, wote ni Parthenium, na gugu karoti Arusha hii tunalijua.

2. Kuotesha. Mbegu mpya inalala, inaweza kukaa miezi haijaota. Iloweke kwenye jik isiyo na manukato, kama lebo inasema 3.5% changanya sehemu moja ya jik na 13 za maji, masaa mawili, halafu suuza mpaka harufu iishe. Usiifukie, ni ndogo mno na inapenda mwanga. Trei, miche, shamba.

3. Jua kromosomu za mbegu yako. Zipo za 36 na zipo za 72. Zenye 72 mara nyingi zinatoa mbegu ambayo ni kopi ya mama, kiinitete hakirutubishwi, kwa hiyo kuhangaika kuchagua kati ya watoto wa mama mmoja ni kama kuchagua kati ya mapacha, japo mara mojamoja anatokea wa tofauti. Ukitaka kuchanganya damu weka ya 36 iwe mama. Yenyewe inakataa chavua yake, hata kazi ya kutoa vyavulio (sehemu za ua zinazotoa chavua) huna.

4. Kupima mpira. Hapa ndo wiki nzima yangu ilipotelea.

Kwanza lini. Mpira unatengenezwa zaidi usiku ukiwa wa baridi, kwa hiyo mi napima Septemba, baridi ya Juni mpaka Agosti ikishapita. Ukipima mwezi wa tano mmea uko bize kukua na masika, utauonea. Vichaka vyote siku moja, matawi ya unene mmoja, la sivyo unalinganisha matawi badala ya mimea.

Pukutisha majani yote. Majani yana resini (utomvu unaonata, siyo mpira) ila mpira karibu hakuna. Vaa glavu, ile resini ina kitu kinaitwa guayulini kinachoweza kukuanzishia mzio wa ngozi. Kausha kwenye oveni isiyozidi nyuzi 60 na usiache sampo kavu ikae wiki kwenye mfuko, mpira unaoza kwa hewa. Kusaga natumia mashine ndogo ya kusagia kahawa, blenda ya jikoni sitaki hata kuiona, inaacha vipande na seli isiyopasuka haitoi mpira. Vipande vianzie friza, saga sekunde chache, pumzisha, rudia, ikipata moto unga unageuka ubani.

Sasa lile shimo. Dogo alichukua unga akaenda moja kwa moja kwenye heksani (kiyeyusho cha jamii ya petroli). Heksani inatoa mpira, sawa, lakini inabeba na resini, na resini ya guayule inaweza kuwa nyingi kama mpira wenyewe au zaidi, halafu ukishakausha vyote vinanata kwenye chupa, kwa macho hujui kipi ni kipi. Kwa hiyo ASETONI KWANZA (kiyeyusho kama kile cha kufutia rangi ya kucha), masaa nane kwenye soksileti, yaani chombo cha kioo kinachosuuza unga kwa kiyeyusho cha moto tena na tena, hiyo inaondoa resini na kuacha mpira. Unga uleule uanike ukauke kabisa (asetoni ikibaki inazuia mpira kuyeyuka), ndo uingie heksani masaa nane mengine. Kausha, pima kwa mizani ya desimali nne. Ya dukani ya dhahabu hapana. Na tafadhali, hita ya umeme, jiko la gesi litakulipua na mtaa wako. Dogo alivyorudia akapata 4%. Alinuna siku mbili.

5. Zidisha. Asilimia peke yake inadanganya pia. Kichaka kilichonyimwa maji kinadumaa huku asilimia ikipanda, ukichagua kwa asilimia tu utaishia na vibilikimo. Zidisha na uzito mkavu wa kichaka kizima bila majani: cha 9% chenye gramu 300 kina gramu 27 za mpira, cha 6% chenye gramu 700 kina 42. Mbegu za mwakani nachuma kwa huyo wa pili.