Kunasa Shaba na Zinki Kutoka Maji Taka ya Karakana kwa Tope la Mawese na Samadi

Karakana inayoosha vyuma kwa asidi hubaki na maji yaliyobeba shaba au zinki, nayo hayafai kumwagwa kwenye mtaro unaoelekea Ziwa Tanganyika. Kigoma ina tope la wakamuaji wa mawese na samadi, ambamo hustawi bakteria wasiohitaji hewa. Wao hupumua salfeti, yaani chumvi yenye salfa, badala ya oksijeni na kutoa salfaidi, ambayo ikikutana na shaba au zinki hushikana nayo na kuzama kama unga mzito.

Tumia mapipa mawili. Wapo wanaomwaga maji ya metali moja kwa moja kwenye tope. Maji husafika kweli, lakini shaba huwalemea bakteria, na kilichonaswa huchanganyika na samadi kiasi cha kutokuwa na mnunuzi.

Katika pipa la kwanza la plastiki la lita 200, changanya samadi, tope la mawese, maji na gramu 400 za jasi, ambayo ndiyo chanzo cha salfeti: zaidi kidogo ya nusu ya uzito wake ni salfeti. Tope la mawese lina asidi, kwa kawaida pH (kipimo cha asidi, ambapo 7 ni katikati na namba ndogo ni asidi kali zaidi) 4 hadi 5, hivyo ongeza chokaa kidogo kidogo mpaka karatasi ya kupimia ioneshe 7 hivi. Funika, ukiacha bomba jembamba la gesi linalopita kwenye chombo chenye kutu ya chuma iliyoloweshwa, maana kutu hunasa salfaidi. Joto la Kigoma linatosha; kinachotakiwa ni wiki kadhaa za subira. Mchanganyiko ukigeuka mweusi, chota tone la maji yake ulidondoshee kwenye mmumunyo wa mrututu, ule wanaonyunyizia wakulima wa kahawa: likifanya wingu la kahawia au jeusi, salfaidi ipo.

Kwa hesabu ya kwenye karatasi, gramu 3 za salfeti hutoa gramu 1 ya salfa, nayo hunasa gramu 2 hivi za shaba au zinki. Jasi hiyo, basi, haiwezi kuzidi takriban gramu 150 za metali, na kwa vitendo utapata pungufu.

Chuja maji ya pipa la kwanza, kisha uyatie polepole kwenye pipa la pili lenye maji ya karakana, nje, upepo ukiwa mgongoni mwako. Shaba huzama kwanza, hata maji yakiwa na asidi kali, ikiwa nyeusi. Iondoe kwa kitambaa kabla ya kuendelea, kwa sababu zinki, ambayo ni nyeupe, hufuata asidi inapopungua, na chuma huja mwisho karibu na pH 7.

Gesi ya salfaidi huua. Hunuka yai viza, lakini ikizidi huiziba pua, kwa hiyo harufu kupotea ghafla ni ishara ya kuondoka. Usimwage asidi juu ya unga uliokusanywa, wala usitumie njia hii kwa maji yenye sianidi. Taka za aina hii ni hatarishi. Wasiliana na NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, kuhusu kibali kabla ya kuanza.

Suuza unga, ukaushe kivulini na uuweke kwenye ndoo yenye mfuniko, kwani ukiachwa wazi na unyevu, hewa huurudisha taratibu kuwa salfeti inayoyeyuka.