Betri ya baiskeli ya umeme itakufikisha wapi? Piga hesabu kabla ya kupanda Marangu

Wateja wangu hapa Moshi huanza na swali hilohilo: "Fundi, hii inakwenda kilomita ngapi?" Dukani wameshaambiwa 60, wengine 80. Namba hizo ni za mtu mwepesi, barabara tambarare, spidi ndogo na miguu isiyopumzika. Kwa milima yetu, chukua kalamu.

Hatua ya 1: Soma kibandiko cha betri. Zidisha volti kwa ampea-saa, upate wati-saa. Betri ya lithiamu ya volti 48 na ampea-saa 13 ina wati-saa 624, yaani haifiki hata uniti moja ya LUKU (wati-saa 1,000). (Kuichaji si gharama. Kinachouma ni bei ya betri yenyewe.) Muuzaji akikutajia volti peke yake, bado hajakwambia kitu.

Hatua ya 2: Toa akiba. Punguza asilimia 20, zibaki kama 500. Betri iliyokwisha kuchajiwa mara mia kadhaa, punguza zaidi.

Hatua ya 3: Gawanya kwa ulaji. Kwenye tambarare, ukisaidia kwa pedali, baiskeli hula wati-saa 8 hadi 12 kwa kilomita. Ukivuta mafuta tu, yaani kuiachia mota kazi yote bila kukanyaga (ndiyo, bado tunayaita mafuta), 15 hadi 20. Kwa hiyo zile 500 ni kilomita 50 kwa anayekanyaga, na 25 kwa mvivu. Spidi nayo inakula: kutoka 25 hadi 35 kwa saa, ukinzani wa upepo unakaribia mara mbili. Tairi zisiwe laini.

Ukitaka namba yako mwenyewe, jaza betri, endesha umbali unaoujua, kisha ichaji tena kupitia mita ya soketi mpaka ijae. Toa kama asilimia 15 inayopotea kwenye chaja, halafu gawanya kwa kilomita.

Hatua ya 4: Mlima uhesabu peke yake. Hapa ndipo wengi wanaposukuma baiskeli. Mtu wa kilo 75 na baiskeli ya kilo 25 ni kilo 100. Kila meta 100 za kupanda, uzito huo unakula kama wati-saa 35 kutoka kwenye betri, juu ya ule ulaji wa kawaida. Ukibeba abiria, ongeza kwa uwiano wa kilo.

Chukua Moshi hadi Marangu Mtoni kupitia Himo: kama kilomita 40, na kupanda tuseme meta 500, sehemu kubwa baada ya Himo. Kilomita 40 kwa 10 ni 400, mlima 175. Jumla 575. Unafika, lakini umekula akiba. Mwenye kuvuta mafuta tu atashukia njiani.

Ukiwa kwenye mwinuko usiviamini vile vijiti vya betri kwenye kioo. Mota ikivuta kwa nguvu volti hushuka, vijiti vinabaki kimoja. Simama dakika mbili, vinarudi vitatu. Soma ukiwa umesimama, tena kwa volti kama kioo chako kinazionyesha: betri ya volti 48 ya aina iliyozoeleka, yenye seli 13 mfululizo, ikijaa husoma 54.6.

Hatua ya 5: Panga kurudi. Ukishuka hadi Himo hutumii karibu chochote, ila usitegemee mteremko ukuchajie; mota nyingi za kitovuni, zile zilizo katikati ya gurudumu, hazirudishi umeme. Mkungu wa ndizi unashuka bure, alimradi breki ni nzima. Himo hadi mjini ni kama kilomita 27, sawa na wati-saa 270, na akiba juu yake. Beba chaja. Ya ampea 2 hurudisha karibu wati-saa 100 kwa saa, kwa hiyo tafuta mwenyeji mwenye soketi na ukae naye saa nne. Betri ikiwa bado ya moto kwa mlima, iache ipoe kwanza ndipo uchomeke.