Kumtambua kwale wa Udzungwa: anzia miguuni

Kwale huyu alijulikana kwa miguu. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmaki walikuwa wamepiga kambi msituni, kwenye milima ya Udzungwa, Tanzania. Wamekula, wakatazama sufuriani, wakakuta miguu ya ndege wasiyemjua. Mwaka 1994 akapewa jina la kisayansi, *Xenoperdix udzungwensis*. Mimi natembeza wageni huku Kilolo, wilaya yenye sehemu ya milima hiyo, na bado naanzia kwenye miguu.

Hatua ya 1: Uwe kwake kwanza. Anaishi sehemu za Udzungwa ziitwazo Ndundulu, Nyumbanitu na Luhomero, kwenye msitu wa ukungu juu ya mita 1,300. Kwale wa shamba la mahindi Ilula si yeye, usihangaike kutoa darubini.

Hatua ya 2: Sikiliza majani. Hutembea kwa vikundi vidogo, wakichakura majani makavu kutafuta mbegu na wadudu. Utasikia chakarachakara, kama kuku jalalani, kabla hujaona kitu. Usiifuate sauti. Chuchumaa palepale. Ukisimama utaona mgongo tu, na mgongo wake ni wa kahawia wenye michirizi, hauutofautishi na majani.

Hatua ya 3: Miguu. Ni ya njano, tena haina kipi, ule mwiba wa jogoo. Hapa ndipo wengi tunapoteleza: tukiona mdomo mwekundu tunashangilia. Kwale shingo-nyekundu wa mashambani naye mdomo wake mwekundu! Ila yule miguu pia ni myekundu, dume ana kipi, na koo ni jekundu, tupu, halina manyoya. Siku moja pembezoni mwa msitu nilimwambia mgeni aandike "tumemwona", kisa mdomo. Jioni akakuza picha kwenye kamera: miguu myekundu kama pilipili. Chai yangu ilipoa mkononi.

Hatua ya 4: Uso na kidari. Uso rangi ya kutu. Kidari kijivu chenye madoa meusi. Ukiyapata haya pamoja na miguu ya njano, ndiye.

Hatua ya 5: Giza likiingia, tazama juu. Hulala mtini.

Hatua ya 6: Andika. Jina la msitu ni lazima, maana milima ya Rubeho ina ndugu yake, aliyetangazwa kuwa spishi ya peke yake mwaka 2005. Ongeza saa, kimo na rangi ya miguu. Kama miguu hukuiona, andika "kwale", basi.