Chipukizi wa NFL: hesabu mipira, achana na tachidauni

Kwa tunaocheza fantasi ya NFL (ligi ya futiboli ya Marekani; unaunda timu ya kubuni kwa wachezaji halisi, unapata pointi kwa wanachofanya uwanjani): mpokeaji, yaani mdaka pasi, akiwa chipukizi wa msimu wa kwanza, wiki tatu za mwanzo usihangaike na tachidauni zake (kufunga kwa kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani). Hesabu mara alizorushiwa mpira, kisha ugawe kwa pasi zote za timu. Akifika robo, mchukue kwenye timu yako ya fantasi kabla wenzako hawajashtuka. Tachidauni zina bahati ndani yake. Mipira mingi maana yake kwotabeki (mrusha pasi wa timu) anamwamini. Puka Nacua wa Rams, aliyechaguliwa raundi ya 5 timu zilipogawana chipukizi, alirushiwa mara 15 mechi yake ya kwanza 2023, akamaliza msimu na yadi 1,486 za kupokea pasi. Kipimo hiki hudanganya pale nyota wa timu anapokuwa majeruhi: nyota akirudi, mipira humfuata yeye. (Cooper Kupp, nyota wa Rams, naye alikuwa nje mwanzoni; aliporudi mipira ya Nacua ilipungua, ila bado alibaki tegemeo. Wachache wako hivyo.)