Pedali ikivuma, anza na ethi
Ukijiundia pedali ya gitaa, usirukishe waya wa ethi (upande wa volti 0 wa saketi) kutoka kifaa hadi kifaa. Nyaya zote za ethi zikutane mahali pamoja. Mimi hulehemu kwenye mguu wa ethi wa jeki ya kuingizia. Hasi ya betri ya volti 9 ndiyo pekee isiyofika hapo: ipeleke mguu wa pete (ring) wa jeki hiyohiyo ya kuingizia, ambayo iwe ya stirio, ili ukichomoa kebo pedali izime.

Kasha la alumini hupata ethi kupitia shingo ya jeki, ila rangi huzuia. Kwangua kwa ndani, kuzunguka tundu, mpaka alumini ing'ae. Niliwahi kubadilisha transista mbili bure, kumbe rangi tu! Pima kwa mita, kasha hadi ethi ya saketi: isome karibu na omu 0.