Kubadili taratibu za mtaa na faini zake: tulivyofanya Kigoma

Wiki iliyopita nilikaa jioni tatu na kamati ya mtaa wa jirani, hapa Manispaa ya Kigoma Ujiji. Wanataka kurekebisha taratibu zao: kuta zinazoziba mifereji, viwanja visivyofyekwa, mbuzi wanaozurura. Niliyowaeleza ndiyo haya. Sisi tuliyajua kwa kuumbuka.

Hatua ya 1: Tafuteni taratibu za zamani. Ziko kwa mtendaji wa mtaa. Ombeni pia nakala ya sheria ndogo za halmashauri, bila hiyo msianze.

Hatua ya 2: Tembeeni mtaa. Watu watatu, kaunta buku moja, asubuhi baada ya mvua kubwa. Mji wetu uko miteremkoni, kwa hiyo maji yakishuka yanawaonyesha yenyewe nani kaziba wapi. Andikeni kinachoonekana kwa macho. "Kuchafua mazingira" haimshiki mtu. "Kumwaga maji ya kufulia barabarani" inamshika.

Migogoro ya mipaka itoeni kwenye orodha. Hiyo huanzia Baraza la Kata kwa usuluhishi (tangu 2021 halitoi tena uamuzi wa ardhi), ikishindikana inakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na kibanda kilicho ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa kina sheria yake, ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Msijipe kazi hiyo.

Hatua ya 3: Faini. Hapa kaeni vizuri.

Mara ya kwanza sisi tulikutana, tukanyoosha mikono, tukaandika: kuziba mfereji, shilingi 30,000. Mzee mmoja, seremala mstaafu, alikuwa amemwaga zege la ngazi ya baraza lake juu ya mfereji. Tukamtoza. Akalipa bila neno, tukamkatia risiti ya kitabu cha dukani. Kesho yake akaja nayo, ameikunja mara nne. "Wanangu, hela nimetoa. Sasa nionyesheni kifungu." Tukatazamana. Hela tulirudisha, na kwa miezi minne hakuna aliyetusikiliza, hata tukimwomba mtu afunge mbuzi wake.

Kosa letu lilikuwa moja: mtaa hautungi sheria. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288, mjini anayetunga sheria ndogo ni halmashauri, na haziwi sheria mpaka waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa aziridhie na zitangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Vijijini ni tofauti. Halmashauri ya kijiji inaweza kutunga za kwake, zikaidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Kwa hiyo shemeji yako wa kijijini Uvinza akikwambia "sisi faini tumejipangia wenyewe", hajakudanganya. Ila usimwige.

Chora safu tatu kwenye kaunta buku: kosa, kifungu cha sheria ndogo, kiwango. Safu ya pili ikiwa tupu, ya tatu nayo ibaki tupu. Kosa la namna hiyo lipeni onyo la maandishi na siku za kurekebisha (sisi tuliweka 14), kisha liingie kwenye mapendekezo ya hatua ya 5.

Halafu someni kifungu neno kwa neno. "Faini isiyozidi" ni kikomo cha mahakama, si bei ya bidhaa. Kama sheria ndogo inaruhusu kufifilisha kosa (kulimaliza bila kwenda mahakamani), mkosaji anakiri kwa maandishi na kulipa, lakini mbele ya ofisa aliyepewa mamlaka hayo. Mwenyekiti hana, kamati haina. Na malipo ni kwa kontro namba ya serikali tu. Si mkononi, si kwenye simu ya mweka hazina, hata awe mcha Mungu namna gani.

Jambo la mwisho, ambalo lilitugharimu vikao viwili: kila kosa liandikiwe mwenyewe. Ukuta ni wa mwenye nyumba, hata kama anaishi Dar. Maji ya kufulia ni ya mpangaji. Msipoandika hivyo, kila mmoja atamsukumia mwenzake.

Hatua ya 4: Mkutano wa wakazi. Uitisheni mwezi ukiwa mpevu. Wavuvi wa dagaa hufuata giza na taa zao. Mbalamwezi ikiwaka wako nyumbani, na nyumba nyingi hapa ni zao. Someni kila kosa kwa sauti, watu wanyooshe mikono. Kura za WhatsApp sizitaki hata kuzisikia: wanaopiga ni vijana walioko Mwanza, bibi mwenye mfereji uliozibwa hana simu hiyo. Wapangaji nao wana haki ya kusema.

Hatua ya 5: Muhtasari. Mahudhurio na saini, pamoja na yale mapendekezo ya makosa yasiyo na kifungu, nakala tatu. Upeleke Kamati ya Maendeleo ya Kata, na mumwambie diwani kwa mdomo kabla hajauona mezani.

Hatua ya 6: Bandikeni. Ofisi ya mtaa, msikitini, kanisani, dukani. Msibandike kwenye mwembe. Karatasi yetu ya kwanza, iliyokataza mbuzi kuzurura, mbuzi waliila kabla ya adhuhuri.