Kununua hisa za mfuko wa maghala Marekani: soma mikataba kabla hujatazama bei

Ukipita barabara ya I-20 kusini mwa Dallas, au ukizunguka Plainfield nje kidogo ya Indianapolis, utayaona: majengo mapana yasiyo na madirisha, milango ya kushushia mizigo imepangwa upande mzima, na matrela yamerudi kinyumenyume hadi kugusa ukuta. Waswahili wengi tulioko huku tumewahi kula mshahara ndani ya majengo hayo, zamu ya usiku, juu ya folklifti au kwenye mkanda wa vifurushi. Wachache tunajua kwamba mara nyingi kampuni iliyoandikwa ukutani ni mpangaji tu. Mwenye jengo ni mwingine, na hisa zake huuzwa hadharani New York.

Mwongozo huu ni wa kununua hisa za mwenye jengo. Sitakuambia ununue ipi. Nitakuonyesha ninavyoipekua moja kabla sijatoa senti.

Hatua ya 1: Jua unachonunua

Kampuni hizi ni mifuko ya milki, sokoni huitwa REIT. Sheria iliyoziruhusu Marekani ni ya mwaka 1960. Masharti yake makubwa ni mawili: angalau asilimia 75 ya mali iwe ardhi, majengo, mikopo ya nyumba na majengo, fedha taslimu au dhamana za serikali, na angalau asilimia 90 ya mapato yanayotozwa kodi yagawiwe kwa wenye hisa kila mwaka. Wakitimiza hayo, kampuni yenyewe hailipi kodi ya mapato juu ya kile ilichogawa.

Hilo la asilimia 90 ndilo linaloleta gawio zuri, na ndilo linaloleta shida pia. Kampuni haibaki na akiba ya kutosha kununulia majengo mapya, kwa hiyo ikitaka kukua lazima ikope au itoe hisa mpya. Liweke hilo akilini hadi Hatua ya 5.

Nunua iliyo kwenye soko la hisa. Ipo mifuko isiyoorodheshwa, inayouzwa na washauri kwa ada nene, na siku ukitaka kutoka unaambiwa usubiri foleni. Wasomaji wa Nairobi wanaijua habari ya kukosa mlango wa kutokea hata kwenye mfuko ulioorodheshwa: Fahari iliingia soko la Nairobi Novemba 2015 kwa shilingi 20 kwa kipande, wauzaji na wanunuzi wakawa haba, na mwaka 2023 wawekezaji wadogo wakapewa ofa ya shilingi 11 kabla haijaondolewa kwenye soko kuu mwaka uliofuata.

Hatua ya 2: Chagua maghala ya wapi

Prologis, yenye makao San Francisco, ndiyo kubwa kuliko zote duniani, na Amazon ndiye mpangaji wake mkubwa. Rexford imejifunga kusini mwa California peke yake. Terreno iko kwenye miji ya pwani kama Los Angeles, Miami na Seattle. EastGroup imeelekea majimbo ya joto: Texas, Florida, Arizona. STAG ya Boston imetawanyika miji mingi, ikiwemo midogo. Lineage na Americold ni maghala ya baridi. Hizo ni biashara nyingine kabisa, za umeme na vibarua wengi, na mimi sizilinganishi na hizi nyingine.

Usikimbilie gawio kubwa kwa asilimia. Gawio la asilimia 7 pale ambapo wenzake wanatoa 4 lina maana kwamba soko limeona kitu. Kitafute kwanza.

Hatua ya 3: Fungua ripoti ya mwaka

Ingia sec.gov, tovuti ya msimamizi wa masoko ya hisa Marekani, nenda EDGAR, hifadhi yake ya ripoti za kampuni, andika jina la kampuni, kisha fungua fomu ya karibuni kabisa ya 10-K, ndiyo ripoti ya mwaka. Ni ndefu, kurasa zaidi ya mia. Usiisome yote. Bonyeza Ctrl na F, andika *lease expirations*, yaani kuisha kwa mikataba ya pango. Litatokea jedwali linaloonyesha kila mwaka ujao mikataba mingapi inaisha, ni futi ngapi za mraba, na pango lake ni kiasi gani. Jedwali hili ndilo moyo wa kazi yote. Hununui kuta, unanunua ahadi za wapangaji kulipa, na jedwali linakuambia ahadi hizo zinaisha lini.

Chukua mfano wa ghala la futi za mraba 200,000. Mkataba ulisainiwa mwaka 2020 kwa dola 5 kwa futi kwa mwaka, yaani dola milioni 1. Kama pango la mtaa huo leo ni dola 8, siku mkataba unapoisha mapato yanaruka hadi milioni 1.6 bila kuongeza tofali hata moja. Hapo mikataba inayoisha mapema ni neema.

Sasa geuza. Mkataba uliosainiwa 2022, pango lilipokuwa kileleni, unaweza kufanywa upya kwa bei ya chini. Mwaka huo maghala yaliyo wazi nchini Marekani yalikuwa chini ya asilimia 4. Watu wakajenga kwa fujo, na kufikia 2025 yaliyo wazi yalikaribia asilimia 7. Kusini mwa California, ambako pango lilipanda kuliko kwingi, ndiko liliposhuka pia. Kwa hiyo jedwali lilelile ambalo mwaka 2021 lilisomeka kama habari njema, leo unalisoma mwaka kwa mwaka ukijiuliza: mikataba hii ilisainiwa lini, na wapi?

Ripoti za kila robo mwaka hutaja badiliko la pango pale mkataba unapofanywa upya. Huwa kuna namba mbili. Moja inalainisha pango la miaka yote ya mkataba na kutoa wastani. Nyingine, ya *cash*, inalinganisha dola za mwisho za mkataba wa zamani na dola za kwanza za mkataba mpya. Ya kwanza mara nyingi ndiyo kubwa, na ndiyo inayopenda kuwekwa kichwani mwa taarifa. Mimi hutumia ya *cash*.

Kisha tafuta orodha ya wapangaji wakubwa. Aprili 2022 Amazon ilipokiri kwamba imejenga nafasi kupita mahitaji yake, hisa za mifuko ya maghala ziliporomoka, hata zile ambazo Amazon alikuwa mpangaji wao mdogo. Mpangaji mmoja akizidi asilimia 5 ya pango lote, nataka kujua mikataba yake inaisha lini.

Kitu ambacho ripoti haikipi uzito, nawe uliyefanya kazi humo unakijua: ubora wa jengo. Maghala mapya yana urefu wa ndani wa futi 36 hadi 40. Yale ya miaka ya 1980 mengi yana futi 24 au pungufu, na rafu ndefu za siku hizi haziingii. Uliza pia kuhusu uwanja wa kuegesha matrela. Dereva anayezunguka nusu saa akitafuta pa kuegesha atamwambia bosi wake, na bosi atahama mkataba ukiisha.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya FFO

Faida ya kawaida kwenye vitabu haikusaidii, kwa sababu inakata uchakavu wa majengo kila mwaka hata kama ghala limepanda thamani. Ndiyo maana sekta hii hutumia FFO, yaani fedha zinazotokana na uendeshaji: chukua faida, rudisha uchakavu, toa faida iliyotokana na kuuza majengo.

Tuseme kampuni ina faida ya dola milioni 40, uchakavu milioni 55, na iliuza jengo kwa faida ya milioni 10. FFO yake ni milioni 85. Ikiwa na hisa milioni 50, kila hisa inabeba dola 1.70. Hisa ikiuzwa dola 34, unalipa mara 20 ya FFO. Gawio likiwa dola 1.36 kwa mwaka, ni asilimia 4 ya bei na asilimia 80 ya FFO.

FFO haijakata gharama za kubadilisha paa, kurekebisha maegesho na kulipa madalali wanaoleta wapangaji. Zikate mwenyewe; wengine huita kinachobaki AFFO. Gawio likikaribia kumeza chote kilichobaki, hakuna nafasi ya kuteleza.

Hatua ya 5: Deni

Tafuta ratiba ya madeni: kiasi gani kinaiva mwaka gani, na kwa riba gani. Kampuni nyingi zilikopa kwa asilimia 3 au chini kabla benki kuu ya Marekani haijaanza kupandisha riba Machi 2022. Katika mfano wetu, deni la milioni 200 la asilimia 3 likiiva na kukopwa upya kwa asilimia 5.5, riba inaongezeka kwa milioni 5 kila mwaka. Gawa kwa hisa milioni 50: senti 10. FFO imeshuka kutoka 1.70 hadi 1.60 na hakuna mpangaji aliyehama.

Pia gawanya deni, ukishatoa fedha taslimu, kwa faida kabla ya riba, kodi na uchakavu. Kwa maghala mimi hupenda kuona mara 5 au chini. Ikipita 6, naacha.

Hatua ya 6: Akaunti na kodi

Ukiishi Marekani na una namba ya hifadhi ya jamii, kufungua akaunti kwa madalali wa hisa kama Fidelity au Schwab ni kazi ya jioni moja. Gawio la REIT kwa sehemu kubwa hutozwa kama mapato ya kawaida, ila unaruhusiwa kupunguza asilimia 20 kabla ya kutozwa. Gawio linalostahili punguzo hilo limeandikwa kisanduku cha 5 cha 1099-DIV, fomu ya kodi ya magawio utakayotumiwa na dalali, na lazima uwe umeishika hisa zaidi ya siku 45. Kisanduku cha 3 ni mtaji uliorudishiwa: hulipi kodi sasa, lakini gharama yako ya kununulia inapungua, kwa hiyo utalipa siku ya kuuza. Ukiweka hisa hizi ndani ya Roth IRA, akaunti ya akiba ya uzeeni yenye nafuu ya kodi, habari hii yote inakuondokea.

Aliyeko Dar es Salaam au Mombasa hali yake ni tofauti. Utajaza W-8BEN, fomu ya kuthibitisha kwamba wewe si mlipakodi wa Marekani, na kwa kuwa Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, gawio linakatwa asilimia 30 kabla halijakufikia. Asilimia 4 inakuwa 2.8. Na mali zako za Marekani zikizidi dola 60,000, warithi wako wanaweza kudaiwa kodi ya mirathi huko. Kwa wengi hesabu inaishia hapa.

Hatua ya 7: Weka oda

Tumia oda yenye bei kikomo, si ya bei yoyote ya sokoni. Soko hufunguliwa saa tatu na nusu asubuhi New York. Afrika Mashariki ni saa kumi na nusu jioni wakati wao wa kiangazi, na saa kumi na moja na nusu wakati wa baridi. Dakika za mwanzo bei huyumba. Subiri nusu saa.

Ukitaka gawio linalokuja, nunua kabla ya siku ambayo hisa huanza kuuzwa bila gawio hilo. Ikiwa ni Alhamisi, Jumatano ndiyo mwisho. Usinunue kwa ajili hiyo tu, maana asubuhi hiyo bei kwa kawaida hupungua kwa kiasi kinachokaribia gawio lenyewe.

Hatua ya 8: Robo mwaka ya kwanza

Ripoti ikitoka, fungua karatasi moja na uandike namba nne: FFO kwa hisa, asilimia ya majengo yaliyopangishwa, badiliko la pango la *cash*, na idadi ya hisa zilizopo. Ya nne ndiyo watu huisahau. Kampuni ikijisifu kwamba FFO yote imepanda asilimia 10 huku hisa zimeongezeka asilimia 12, wewe umepungukiwa. Ikitokea robo mbili mfululizo, mimi huuza nusu na kurudi kwenye ripoti kusoma walichokinunua kwa fedha za hisa hizo mpya.